UZI: Barua pepe za zamani zilizofungiwa kwenye PST: kuzifungua, kuzitafuta na kuzihamisha bila kupoteza hata moja

fundi_seva (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Maswali ya barua pepe za zamani yanarudi yale yale. Mkaguzi anataka mawasiliano ya mwaka 2014, faili lipo kwenye flashi, halifunguki. Au linafunguka vizuri, ukitafuta huoni kitu, na barua yenyewe imo humo humo. Ofisi nyingi ndogo za kwetu ziko hivi: barua zinashuka kwa POP3 (njia ya kushusha barua kutoka seva kuja kwenye kompyuta) kutoka seva ya kukodi, zinaingia kwenye Outlook ya kompyuta moja, seva inazifuta, na kuanzia hapo nakala pekee ni faili moja la .pst, yaani faili ambamo Outlook huhifadhi barua, kwenye mashine ya karani. Kwa hiyo uzi huu ni wa PST kwanza, mengine yatafuata.

Kulitafuta faili. Outlook ya 2010 na kuendelea huweka PST kwenye Documents\Outlook Files. Za kabla ya hapo zilificha ndani ya AppData\Local\Microsoft\Outlook, na folda ya AppData haionekani mpaka uruhusu vitu vilivyofichwa. Usihangaike kufungua folda moja moja. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

dir C:\*.pst /s /a

Hiyo /a ndiyo inayoleta na yaliyofichwa. Rudia kwa D: na kila diski ya nje. Usishangae kukuta mafaili manne matano yenye jina archive.pst, kila moja na ukubwa wake. Yote ni ya kweli mpaka uthibitishe vinginevyo.

Nakala kabla ya kugusa. Funga Outlook, subiri ipotee kabisa kwenye Task Manager, ndipo unakili. Ukinakili ikiwa wazi ama utakataliwa ama utapata nakala ya hovyo. Kisha chukua hashi (alama inayokokotolewa kutoka kila kilichomo kwenye faili) ya pande zote mbili:

certutil -hashfile mauzo2014.pst SHA256

Herufi na tarakimu zikilingana, nakala ni salama. Fanya hivyo KABLA ya kulifungua. Outlook huandika ndani ya PST kila inapoifungua, hata usipogusa barua yoyote, kwa hiyo hashi itabadilika na hutaweza tena kuonyesha kwamba faili ni lile lile. Na kwa sababu hiyo hiyo PST iliyochomwa kwenye CD haifunguki moja kwa moja: Outlook inadai ruhusa ya kuandika. Inakili kwenye diski, ondoa tiki ya Read-only kwenye Properties, itafunguka.

Kufungua. File, Open & Export, Open Outlook Data File. Basi. Msikimbilie Import. Import inamwaga barua za zamani ndani ya sanduku la sasa, na ukikosea mara mbili unapata kila barua nakala mbili, na hakuna kitufe cha kurudisha nyuma.

---

karani_mwandamizi

Asante sana mkuu kwa uzi. Naomba ufafanuzi wa jambo moja. Faili lina GB 1.99, limetoka Outlook 2002. Linagoma kupokea barua na wakati mwingine halifunguki kabisa. Diski ina nafasi tele. Tatizo ni nini?

---

fundi_seva

Dada, hapo diski haina kosa. Kuna aina mbili za PST zenye jina moja la mwisho. Ile ya zamani, ya Outlook 97 mpaka 2002, inaitwa ANSI na kikomo chake ni GB 2. Ya pili, Unicode, ilikuja na Outlook 2003: kikomo cha kawaida kilikuwa GB 20, kikapandishwa hadi GB 50 kuanzia Outlook 2010. Ya kwako imegonga dari.

Ukitaka uhakika bila hata kuifungua Outlook, fungua NAKALA kwa programu ya kusoma heksi kama HxD. Baiti nne za mwanzo ni 21 42 44 4E, yaani !BDN. Hiyo ni sahihi ya kila PST, na kama haipo, kichwa cha faili kimeharibika au si PST. Sasa nenda nafasi ya 0A. Ukikuta 0E au 0F, ni ANSI. Ukikuta 17, ni Unicode.

ANSI haigeuzwi kuwa Unicode hapo hapo ilipo. Unatengeneza faili jipya la Unicode kwenye Outlook mpya, unafungua yote mawili upande wa kushoto, unaburuta folda moja moja. Anza na folda ndogo.

Kama bado linafunguka, hamisha kwanza barua zenye viambatisho vikubwa, kisha nenda File, Account Settings, Data Files, Settings, Compact Now. Usiruke hatua ya Compact. Kufuta barua hakupunguzi faili. Kunaacha mashimo ndani yake tu.

Kama limepita kikomo na halifunguki kabisa, Microsoft walikuwa na kifaa kidogo kinaitwa pst2gb. Kinakata mkia wa faili ili lirudi chini ya GB 2, halafu unalipitisha kwenye scanpst, programu ya Microsoft ya kurekebisha PST. Kilichokatwa kimepotea, hakirudi. Fanyia nakala tu, anza na kipande kidogo, na faili asili likae pembeni bila kuguswa.

---

Mzee wa Diski

Naongezea kuhusu scanpst kwa kuwa watu wanaitumia vibaya. Kwenye Office za sasa ipo hapa:

C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16\scanpst.exe

Office ikiwa ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64, tafuta ndani ya Program Files (x86).

Kosa la kwanza: kuipitisha mara moja na kuridhika. Mzunguko wa kwanza ukirekebisha muundo wa ndani, makosa mengine yaliyokuwa yamefunikwa ndiyo yanaonekana. Rudia mpaka iseme haijaona kosa. Mara tatu hadi saba ni kawaida kwa faili lililoumia. Kosa la pili: kuondoa tiki ya kutengeneza .bak ili kuokoa nafasi. Usiondoe. Hakikisha diski ina nafasi angalau mara mbili ya faili. Kosa la tatu: kuendelea kutumia faili lililotibiwa kana kwamba ni jipya. Baada ya matibabu angalia folda inayoitwa Lost and Found, na iwe ipo au haipo, tengeneza PST mpya uburute humo vyote vilivyookolewa. Faili lililotibiwa ni la kutolea mali.

Na chanzo kikubwa cha PST kuumia ni kuiweka kwenye folda ya mtandao ili "wote waione". PST haikutengenezwa kwa ajili hiyo na Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba hawaungi mkono kuitumia kupitia mtandao wa ofisi. Watu wawili hawawezi kuifungua kwa pamoja, na Wi-Fi ikikatika nusu sekunde wakati inaandika, kitalu kimoja kinabaki nusu. OneDrive na ndugu zake vile vile: usiiache PST iliyo wazi ndani ya folda inayosawazishwa. Nakala iliyofungwa, sawa.

---

Mwanasheria_Pwani

Je, nenosiri la PST linatosha kulinda mawasiliano ya wateja?

---

Mzee wa Diski

Hapana, wakili. Kinachohifadhiwa ndani si nenosiri bali hesabu ya CRC ya biti 32, na kuna maneno mengi mengine yanayotoa hesabu hiyo hiyo. Programu za bure zinalivua kwa sekunde. Na barua zenyewe hazisimbwi kwa nenosiri hilo. Weka PST ndani ya diski iliyofungwa kwa BitLocker au chombo cha VeraCrypt. Hapo ndipo pana kufuli.

---

Njeri_mifumo

Salamu kutoka Nairobi. Wacha niguse upande wa kutafuta, kwa sababu hapo ndipo watu hukata tamaa wakidhani barua imepotea.

Outlook haisomi PST moja kwa moja unapotafuta. Inauliza faharasa ya Windows, yaani orodha ya maneno inayoandaliwa mapema. PST uliyoifungua leo bado haijaingia kwenye faharasa, na ya GB 15 inaweza kuchukua saa nyingi. Bonyeza sanduku la kutafutia, nenda Search Tools, kisha Indexing Status, utaona idadi ya vitu vilivyobaki. Acha Outlook wazi usiku kucha, zuia kompyuta isilale. Namba ikiganda, nenda Indexing Options kwenye Control Panel, Advanced, Rebuild. PST iliyo kwenye folda ya mtandao usitegemee iingie humo.

Pili, angalia unatafuta wapi. Chaguo la kawaida ni folda au sanduku ulilomo. Badilisha liwe All Outlook Items, la sivyo PST ya pembeni haiguswi.

Tatu, tarehe. Ukiandika

received:01/03/2014..31/03/2014 hasattachments:yes

matokeo yanategemea mpangilio wa eneo wa Windows. Mashine iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani inasoma 01/03 kama Januari 3, na 31/03 haielewi kabisa.

Nne, na hili linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Faharasa ya Windows inalinganisha kuanzia MWANZO wa neno. Kiingereza hakiumii sana kwa hilo, maana "pay" inaleta payment na paying. Sisi vitenzi vyetu vinabeba viambishi mbele. Ukitafuta "lipa" hutapata "tulilipa", hutapata "hawajalipwa", wala "malipo". Barua zipo, neno umeliandika sahihi, na huoni kitu. Gmail nayo inatafuta neno zima, haikati kipande cha katikati.

Kwa hiyo kwenye barua za Kiswahili anzeni na vitu visivyonyambulika: namba ya ankara, jina la mtu, anwani ya mtumaji, jina la kiambatisho. Ikibidi kutafuta kitenzi, andikeni maumbo kadhaa mkiunganisha kwa OR kwa herufi kubwa: malipo OR tulilipa OR mmelipa.

---

fundi_seva

Dada Njeri, hiyo ya nne naomba kila mtu aisome mara mbili. Nimeona mafaili mazima yakitangazwa kuwa tupu kwa sababu hiyo tu.

Na tusisahau PDF za skana. Mkataba uliopigwa skana bila kusomwa maandishi ni picha. Hakuna faharasa itakayoupata kwa neno lililo ndani yake. Tafuta kwa tarehe na mtumaji, au toa viambatisho vyote uvipitishe kwenye programu ya kusoma maandishi ya picha kama Tesseract.

---

linuksi_kigoma

Kwa tatizo la viambishi kuna njia: toeni barua nje ya PST, mzitafute mahali panapokubali kipande cha neno.

Ubuntu au Debian, sakinisha kifurushi cha pst-utils, kisha:

mkdir toleo
readpst -r -D -o toleo mauzo2014.pst

-r inatunza mpangilio wa folda, -D inachukua na zilizofutwa ambazo bado zimo (bila hiyo zinaachwa kimya kimya). Unapata mafaili ya mbox, yaani barua nyingi ndani ya faili moja la maandishi. Ukitaka kila barua faili lake, tumia -e badala ya -r, utapata .eml. Kisha ingiza kwenye Thunderbird kwa kiendelezi cha ImportExportTools NG, chini ya Local Folders.

Sasa ndani ya Thunderbird bonyeza Ctrl+Shift+F, chagua Body, contains, andika "lip". Italeta malipo, tulilipa, hawajalipwa, mlipaji. Ni polepole maana inasoma barua moja moja, lakini haikosi. Kile kisanduku kikubwa cha juu cha kutafuta kila mahali ni kitu kingine, kina faharasa yake, kina shida ile ile.

Tahadhari kwa wanaopenda njia ya mkato: msitumie grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili) kwenye mbox mkaamini jibu lake. Barua nyingi mwili wake umefungwa kwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi nyingine. Neno "malipo" ndani ya faili linaonekana bWFsaXBv, na hata hilo ni pale tu neno linapoangukia mwanzo wa kundi la herufi tatu. grep itasema hakuna, na barua ipo.

Jambo la mwisho, HESABUNI. Kabla ya kutoa, bofya kulia kila folda ya Outlook, Properties, weka "Show total number of items". Andika namba kwenye daftari. Baada ya kuhamisha linganisha folda kwa folda. Tofauti ya vitu vichache huwa ni miadi na majina ya watu, ambavyo readpst huvitoa kwa mafaili ya aina nyingine. Tofauti ya mia mbili ni faili lililoharibika, rudi kwa Mzee wa Diski hapo juu.

---

Amina_hesabu

Habari za kazi ndugu zangu. Tuna PST ya GB 20. Tukiiburuta yote kwenda Gmail ya ofisi kupitia IMAP (njia inayoacha barua kwenye seva) kuna shida gani?

---

Njeri_mifumo

Dada Amina, Google wanaweka kikomo cha IMAP: kupandisha MB 500 kwa siku, kushusha MB 2,500 kwa siku kwa akaunti. GB 20 kwa MB 500 ni siku 40. Ukizidisha, akaunti inafungiwa kwa muda na Outlook inaachia katikati bila kukuambia iliishia barua ya ngapi. Ukianza upya unapata marudio.

Hata pasipo kikomo, piga hesabu ya laini. Kasi ya kupandisha ya Mbps 2 inahitaji kama saa 22 kwa GB 20, umeme na intaneti visikatike hata mara moja.

Wenye Microsoft 365 wana njia nzuri zaidi: msimamizi anapandisha PST kwa AzCopy (programu ya Microsoft ya kupandisha mafaili), anaandika jedwali la CSV linalosema faili lipi liende sanduku la nani, na safu ya IsArchive ikiwa TRUE barua zinaingia kwenye sanduku la kumbukumbu badala ya la kawaida. PST isizidi GB 20 kila moja. Kuingiza huko huwasha Retention Hold kwenye sanduku, kwa hiyo sera za kufuta barua za zamani zinasimama. Ni ulinzi mzuri, ila izimwe kwa kukusudia baadaye, isisahaulike.

---

Mwanasheria_Pwani

Kitufe cha kumbukumbu cha Gmail kinapeleka wapi? Wateja wengi wanakibonyeza wakidhani wamefuta.

---

linuksi_kigoma

Hakipeleki popote. Kinaondoa lebo ya Kikasha tu, barua inabaki kwenye Barua Zote. Zilizofutwa ndizo zinazokaa kwenye Tupio siku 30 kisha basi. Tafuta hivi:

in:anywhere from:jina before:2018/01/01 filename:pdf

in:anywhere inaingia mpaka Taka na Tupio. Za kula nafasi: larger:10M older_than:5y.

Kwenye Outlook kuna mtego unaofanana nao. Kitufe cha Archive, ambacho ukibonyeza Backspace kinafanya kazi, kinapeleka barua kwenye folda ya Archive ndani ya akaunti ile ile. AutoArchive ni kitu tofauti kabisa: inapita kila siku 14 ikiwashwa, inachukua barua za Inbox zilizopita miezi 6 na kuzipeleka kwenye archive.pst ya kompyuta hiyo. Ndiyo maana mtu anaona barua kwenye simu Jumatatu, Jumanne hazipo. Tena haiangalii tarehe ya kupokea peke yake. Ukiigusa barua ya 2012 leo kwa kuihamisha folda, umri wake unaanza upya.

---

fundi_seva

Wakili, kwa kuwa upo, naomba useme kuhusu ushahidi.

---

Mwanasheria_Pwani

Kwa kifupi. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inatazama namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa, na jinsi uzima wake ulivyolindwa. Kenya, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B kinadai cheti cha mtu anayehusika na mfumo. Kwa hiyo hashi aliyoieleza fundi_seva si mapambo. Andika tarehe, nani alinakili, kutoka mashine gani.

Msichapishe barua kwa PDF mkatupa asili. PDF inapoteza vichwa vya njia iliyopita barua. Wala msiiforwadi, maana hiyo ni barua mpya. Ihifadhini kama .eml au .msg. Na kumbukumbu za kodi nchi zote mbili ni miaka 5 kwa kawaida, kwa hiyo faili la miaka minne iliyopita si takataka.

---

Mzee wa Diski

Kwa wanaoanza upya: hamieni IMAP. Ikibidi POP3, angalieni tiki ya "Leave a copy of messages on the server". Outlook hujaza siku 14 yenyewe, baada ya hapo seva inafutwa. Tengenezeni PST moja kwa mwaka kwa idara, jina kama 2019_mauzo.pst, isizidi GB 10. Nakala tatu, moja nje ya jengo. Kila miezi 6 fungua nakala ya kila nakala, soma barua tano za mwanzo, tano za katikati, tano za mwisho.

Mfanyakazi akiondoka, badilisheni nenosiri la akaunti yake kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia seva ya kukodi. MSIIFUTE. Kuifuta kunaondoka na folda nzima ya barua ndani ya mail/. Pakueni folda hiyo kwanza.

---

karani_mwandamizi

Nashukuru sana wote. Faili limegeuzwa, hesabu za folda zimelingana. Limebaki moja: kwenye diski hiyo hiyo kuna Inbox.dbx na Sent Items.dbx. Outlook haizitambui.

---

linuksi_kigoma

Hizo ni za Outlook Express, dada, kila folda ilikuwa faili lake. Outlook haizifungui na readpst pia haizijui. Tumia undbx:

undbx folda_ya_dbx folda_ya_kutolea

Inatoa .eml. Ikilalamika, ongeza --recover mwanzoni, itaokota na vipande vya zilizofutwa. Chukua hashi kwanza.